Tope la Kituo cha Nane

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, katikati ya ratiba ya zamu na karatasi ya kuwakumbusha watu wafunge bomba la chooni. Mzee Chupa alilisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Shule aliiacha darasa la nne, na maneno ya wakubwa yana miguu mingi, ukiyakimbilia yanakuangusha. Alipofika kwenye neno "alipuuza", kidole kikasimama.

Uchunguzi wa awali, tangazo lilisema, umeonyesha kwamba mzamiaji aliyeumia chini ya gati namba nne alipuuza honi ya majini. Shauri lake litaamuliwa Alhamisi, saa nne.

Mzamiaji huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Bandari nzima ilimwita Pezi. Miaka kumi na minne alikuwa akishuka chini ya magati kukaza boliti na kukagua nguzo, na utaratibu ulikuwa mmoja: meli yoyote isiwashe rafadha kabla honi haijapigwa mara tatu ndani ya maji, ili aliye chini ajue na apande. Siku ile honi ilipigwa. Wote waliokuwa ofisini waliona taa yake ikiwaka. Tagi, ile boti ya kuvuta meli, ikawasha mashine, mkondo ukamzoa Pezi ukampigiza kwenye nguzo, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti siku ya tatu hospitalini.

"Alipuuza," Mzee Chupa alisema peke yake. Nyuma yake karani mmoja akauliza kama amemaliza kusoma, maana na wengine wanataka kuona zamu zao. Akasogea.

Jioni alikwenda kwa shemeji yake, ghorofa ya nne, nyumba ya vyumba viwili katika jengo ambalo lifti yake haikumbukwi kama iliwahi kufanya kazi. Alimkuta Pezi kwenye kochi, magongo mawili ukutani, kisiki cha mguu kimefungwa bendeji safi juu ya mto.

"Karibu, shem. Usinishike mkono, nimetoka kula," Pezi alisema. "Umesoma gazeti letu?"

"Nimesoma."

"Basi mimi ni mtu wa kupuuza. Nimepuuza honi, nimepuuza mguu. Kesho nitapuuza kunyoa."

Mzee Chupa hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani.

"Shem, sikiliza," Pezi akasema, mzaha umemtoka. "Ile honi husikii kwa masikio. Unaisikia kwenye meno, hapa, na kwenye mfupa wa kifua. Chini ya gati namba moja inakutikisa mpaka unataka kutapika. Siku ile, namba nne, meno yangu yalikuwa kimya. Nakuapia kwa dada. Sikusikia kitu."

"Nakuamini."

"Wewe utaniamini, ni shemeji yangu. Wao wana ramani. Wanasema kutoka kwenye honi mpaka namba nne chini ni mchanga mtupu, na mchanga unapitisha sauti vizuri, kwa hiyo lazima nilisikia." Akavuta pumzi. "Mguu umeenda, umeenda. Siulilii tena. Lakini kuna kazi ya kufundisha wazamiaji wapya, darasani, ya kukaa kitini. Ile ningeiweza. Sasa nani atampa kazi ya kufundisha mtu aliyesikia honi akakaa? Alhamisi wakisema nilipuuza, nimekwisha."

Mzee Chupa aliitazama kofia yake kama vile ndiyo iliyoulizwa. Akaaga mapema, akasingizia mgongo.

Ni kwamba mchanga ule kwenye ramani ulikuwa wake.

Kazi yake, kwa miaka ishirini na sita, ilikuwa kuichota sakafu ya bahari. Boti ya upimaji ilimpeleka kwenye vituo vilivyopangwa, naye alishusha kwa kamba chombo cha chuma chenye taya mbili, ambacho wao walikiita Mdomo. Mdomo ukigusa chini unajifunga, unapanda na bakuli moja la kilichopo: mchanga, tope, magamba, wakati mwingine kandambili ya mtu. Alitia kwenye chupa ya kioo, akafunga kifuniko, na chupa ikaandikwa namba ya kituo na aina ya kilichomo. Ndipo jina lake lilipotoka.

Na kabla ya kufunga kifuniko alikuwa na desturi yake, akichukua punje kidogo na kuzitafuna. Wasomi walikuwa na chekecheo na mizani. Yeye alikuwa na meno. Mchanga unasaga. Tope linateleza kama siagi. Na kuna lile vumbi la katikati, ambalo vidole vinasema tope na meno yanasema hapana.

"Leo umekula nini, Mzee?" nahodha wa boti alizoea kumtania.

"Nimekula kituo cha tatu. Chumvi imezidi kidogo."

Kazi hiyo aliijua. Kilichomshinda ni kuandika. Hati yake ilikuwa ya kuku aliyepita kwenye majivu, na mara mbili idara ilimrudishia chupa kwa kuwa saba yake ilionekana moja. Ndipo mkewe alipochukua kalamu. Kila wiki chupa zilikwenda nyumbani kwenye kreti la soda, zikapangwa juu ya meza ya kulia, naye mama akaandika vibandiko kwa herufi zake za duara huku mumewe akimsomea kwa kichwa. Mwanamke yule hakuwahi kupanda boti hata siku moja, lakini sakafu ya bandari aliijua kama sakafu ya jiko lake. "Kituo cha tano wazima huko?" angeuliza. "Kituo cha nane bado wananuka?"

Walikuwa bado wananuka. Kituo cha nane, chini kabisa ya gati namba nne, kilikuwa tope jeusi lenye mapovu ya hewa, linanuka mayai viza. Akilichota, mkewe alimvulisha shati mlangoni.

Jumanne alikwenda kwa mhandisi wa sauti. Msichana wa umri wa binti yake, ofisi yake ndogo pembeni ya stoo ya maboya. Yeye ndiye aliyekokotoa ile honi: iwekwe wapi, iwe na nguvu kiasi gani.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne," Mzee Chupa alisema. "Mchanga na tope vinahusianaje na honi?"

Hakumcheka. Akamtoa nje, ukumbini, penye sakafu ya saruji na kuta tupu. "Piga kofi, baba."

Akapiga. Kofi likakimbia mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi.

Akamwingiza stoo, katikati ya malundo ya majaketi ya kuokolea, juu ya turubai zilizokunjwa. "Piga tena."

Kofi likafa mikononi mwake.

"Maji ya hapa ni mafupi," mhandisi akasema. "Mita tisa, mita kumi. Sauti haina pa kwenda. Inagonga juu ya maji, inagonga sakafu, juu, chini, juu, chini, ndivyo inavyosafiri. Sakafu ikiwa mchanga mgumu, inarudishwa, inaendelea na safari. Ikiwa tope, kila ikigonga inamezwa kidogo. Na tope lenye mapovu ndani ndilo baya kuliko yote. Lile haliibakishi. Mtu akiwa upande wa pili unaweza kumpigia honi mpaka kesho."

"Na wewe ulijuaje kuna nini chini?"

"Kwa chupa zako. Kompyuta inaamini unachoilisha." Akasita. "Niliomba honi ijaribiwe kila gati, tukiwa na mzamiaji chini. Mkuu wa idara akasema namba moja inatosha, wageni wa uzinduzi wako pale pale na viti vimeshapangwa. Wakapiga honi, mzamiaji akapanda, wakapiga makofi, wakanywa soda."

"Wakubwa," alisema Mzee Chupa.

"Baba, kituo cha nane ni mchanga kweli?"

Alimtazama yule binti. Hapo ndipo angesema. Kilichomtoka ni: "Chupa si zipo?" Akageuka akaondoka, na uso unamchoma kama aliyepigwa kibao.

Sasa, siku ya kuchota chupa zile ilivyokuwa.

Mkewe alikuwa wiki ya tatu hospitalini, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa moja tu, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, na askari wa getini alikuwa mtu wa saa kweli kweli. Mzee Chupa alikwenda kwa mkuu wa idara kuomba likizo. Hakuomba mwezi, aliomba siku nne. Mkuu hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Mzee, mgonjwa ana wauguzi. Vituo vina wewe tu. Nataka vyote kumi na viwili kabla ya Ijumaa, mradi wa honi unasubiri."

Maneno hayo aliyabeba mpaka leo. Angeweza kuyatamka akiwa usingizini, kwa sauti ile ile ya mtu anayesaini.

Akaenda baharini. Alhamisi, saa nane na nusu mchana, walikuwa kituo cha saba, vimebaki cha nane na cha tisa tu, na mkondo ulikuwa mkali. Nahodha akapiga hesabu kwa sauti: kutia nanga cha nane, kutia nanga cha tisa, kurudi, saa kumi na moja na robo. Mzee Chupa alitazama Mdomo, akatazama jua. Kisha akaushusha palepale mara ya pili. Akaushusha mara ya tatu. Chupa tatu zikajaa mchanga mweupe, mzuri, wa kituo cha saba. Safari hii hakutafuna kitu.

Nahodha aligeuza uso upande wa pili. "Mimi naendesha boti," alisema. "Sijui kusoma chupa."

Saa kumi na dakika tano alikuwa kando ya kitanda, buti bado zimelowa, kreti la soda miguuni kwa kuwa hakupitia nyumbani.

"Umeniletea kazi," mkewe alisema. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

"Nimekuletea mimi. Kazi imenifuata."

"Lete kalamu basi. Nimechoka kutazama dari."

Alimwekea mto mgongoni. Mkono wake ulitetemeka, herufi za duara zikawa na kona. Alipomaliza chupa ya saba akainua ya nane, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Punje zikamiminika polepole ndani.

"Hii ya nane?"

"Ya nane."

"Na ya tisa? Zote mchanga?"

"Zote mchanga."

"Kituo cha nane miaka yote ni tope."

"Bahari inahama, mama."

Akamtazama. Miaka thelathini na moja ya ndoa ilikuwa ndani ya macho yale, na hapakuwa na kona ya kujificha. "Umefika mapema leo," alisema hatimaye. Kisha akainama, akaandika: *Nane. Mchanga.* Akaandika na ya tisa. Akarudisha kalamu, akamshika kidole gumba, akakishikilia mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.

Alifariki Jumamosi, saa tatu asubuhi, saa ambayo si ya wageni.

Alhamisi ya shauri, chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni moja inayolalamika, na watu saba. Mkuu wa idara aliketi kichwani mwa meza. Pezi aliketi mwisho, magongo yamelazwa chini. Mbele yao zilipangwa chupa kumi na mbili kama ushahidi, vibandiko vimetazamishwa kwa wajumbe. Mzee Chupa aliitwa kwa jambo dogo tu: athibitishe kwamba chupa ni zake.

Hakuwa ameziona tangu azikabidhi. Aliona kumi na moja kwa pamoja, na ile ya nane akaiona peke yake. N yake ilikuwa imeegemea, kama mtu anayetafuta ukuta wa kujishikilia. Kila alichoandika yule mama maishani kilikuwa kweli: barua za jamaa, orodha za sokoni, maelfu ya vibandiko. Na kitu cha mwisho kabisa ambacho mkono wake uliacha duniani kilikuwa uongo, na aliyeuleta kitandani ni yeye. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Maandishi yale yatakaa kabatini mwa idara, safi, na Pezi atabaki mtu wa kupuuza.

"Ni zako, Mzee?" mkuu aliuliza. "Sema ndiyo tu tuendelee."

"Kumi ni zangu," alisema. "Ya nane na ya tisa si za huko."

Feni ikaendelea kulalamika.

"Sijakuelewa."

"Zote tatu, saba, nane, tisa, nilizichota kituo cha saba. Sikufika cha nane. Kituo cha nane ni tope lenye mapovu, la miaka yote. Huyu hakupuuza. Honi haikumfikia."

Hakumtazama Pezi. Alisikia gongo moja likisogea sakafuni.

"Unajua unajifanyia nini, Mzee?" mkuu alisema taratibu.

"Najua. Na wewe unajua ulinifanyia nini. Nilikuomba siku nne. Ukaniambia mgonjwa ana wauguzi."

"Hayo siyo ya leo."

"Ni ya leo. Na honi mliijaribu kwenye viti vya wageni. Huyu binti aliwaambia mjaribu kila gati."

Mhandisi wa sauti, aliyekaa dirishani, akasema, "Ni kweli, niliandika barua." Mkuu akasema barua zina taratibu zake. Lakini mjumbe mmoja, mama mnene aliyekuwa kimya muda wote, alitaka jambo moja tu: aone.

Wakaenda wakaona. Mchana huohuo boti ilitia nanga kando ya gati namba nne, Mzee Chupa akashusha Mdomo kwa mikono yake. Ulipanda unadondosha ute mweusi, mapovu yanapasuka juu yake mojamoja, na harufu ikawafikia wote kwa pamoja. Mkuu akajifunika pua na leso. Mhandisi alishusha kipaza sauti chake majini, akapiga simu honi ipigwe, akasikiliza kwa vifaa vya masikioni. Akasikiliza tena. Kisha akamvisha yule mama mjumbe, naye akangoja, akangoja, akauliza, "Imeshapigwa?"

"Imepigwa mara tatu, mama."

Wiki iliyofuata barua mbili zilitoka. Ya Pezi ilisema hana kosa, na anaweza kuomba nafasi ya ukufunzi. Ya Mzee Chupa ilisema chanzo cha ajali ni uzembe wa mchota sampuli, na kwamba kazi yake imekoma. Aliisoma kwa kidole mara mbili, akitafuta mahali palipoandikwa siku nne, au wageni, au viti. Hapakuwepo. Mkuu wa idara alibaki kitini mwake na baada ya muda akapandishwa kwenda makao makuu, maana watu wa namna hiyo hawaanguki, wanahamishwa kwenda juu. Hilo lilimuuma Mzee Chupa, na litaendelea kumuuma. Lakini aligundua kwa mshangao kwamba haliwezi kuziba lile jingine, kosa lake mwenyewe. Kila alipojaribu kumlaza mkuu juu yake, lile jingine lilichungulia pembeni.

Alipanda ghorofa ya nne siku ya Jumapili, asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Pezi alikuwa amesimama kwenye magongo jikoni, anaosha kikombe, na hakumkaribisha kiti.

"Nimepata barua," Pezi alisema. "Asante kwa kusema."

"Ilikuwa ni haki yako."

"Ilikuwa haki yangu kabla sijashuka majini, shem." Akakiweka kikombe juu ya kitambaa, kwa uangalifu. "Dada alijua?"

Mzee Chupa angeweza kusema hapana. Alikuwa amejiandaa ngazi nzima kusema hapana.

"Aliuliza mara mbili," alisema. "Ya pili hakuwa anauliza."

"Akaandika."

"Akaandika."

Pezi akaitikia kwa kichwa, polepole. Alilelewa na dada huyo tangu akiwa na miaka sita; ndiye aliyemfundisha kuandika, kwa herufi zilezile za duara.

"Ungerudishiwa siku ile," akasema, mgongo bado umegeuka, "ukawa kituo cha saba, saa ya wagonjwa inakaribia. Na ukaniona mimi hivi nilivyo. Ungefanya nini?"

Kulikuwa na jibu moja la kumpa mtu mwenye mguu mmoja, na Mzee Chupa alilijua. Alilitafuta ulimini. Akaiona wodi, dirisha, kidole gumba chake ndani ya mkono ule mkavu.

"Ningekwenda hospitali," alisema.

Maji yalikuwa bado yanatiririka bombani. Pezi akayafunga.

"Nilijua," akasema. "Mimi pia ningetaka uende. Ndiyo maana siwezi kukutazama, shem. Nenda tu leo. Nikiweza nitakupigia."

"Na usipoweza?"

"Basi utajua sijaweza."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Kwenye ghorofa ya pili alipishana na mwanamke aliyebeba beseni la nguo, wakasalimiana vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri. Alipofika chini kabisa, mlangoni, ndipo ilipomjia kwamba kati ya yote aliyosema huko juu, na mbele ya wajumbe, na kwenye boti, neno "nisamehe" hakuwa amelisema. Alisimama akiitazama ngazi, mkono juu ya reli. Mtu mmoja akamwomba njia, akampisha. Kisha akavaa kofia, akatoka barabarani.